Barua ya wazi kwa wanaotunza kumbukumbu za Lincolnshire: kila parokia ipewe karatasi yake

Waheshimiwa madiwani, Baba Askofu na makasisi wa dayosisi ya Lincoln, wakuu wa hifadhi za nyaraka zilizoko Lincoln na Grimsby, nanyi wasajili wa vizazi, vifo na ndoa:

Salamu kwenu.

Ombi letu ni moja, na tunalitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma barua yote aondoke nalo. Kila parokia ya kale ya Lincolnshire, kaunti ya mashariki mwa Uingereza, nazo zinapita 600, iandikiwe karatasi yake: ni vitabu gani vya ubatizo, ndoa na maziko vilivyosalia, miaka ipi haimo, nini kinaweza kuziba pengo, na mtafiti aliyekwama abishe hodi wapi. Karatasi moja, pande mbili. Iwekwe kwenye intaneti bila malipo, na nakala yake ikae katika chumba cha kusomea.

Huenda mkashangaa barua hii kuwafikia kwa Kiswahili. William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh le Marsh na Winthorpe kabla hajawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1863. Rafiki yake Edward Steere alihudumu Skegness, kisha akawa kasisi wa Little Steeping. Mwaka 1864 wawili hao walihamishia misheni yao Unguja. Huko Steere alikusanya sarufi na hadithi za Kiswahili, akafundisha vijana kazi ya kupiga chapa, na mwishowe akazikwa katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayefuatilia asili ya watu waliochapa vitabu vya mwanzo vya lugha yake pale Unguja hufika, apende asipende, kwenye vijiji vinne vya Lindsey, sehemu ya kaskazini ya Lincolnshire, karibu na Bahari ya Kaskazini. Akifika hukutana na vikwazo vilevile vinavyomkuta kitukuu wa mhamiaji aliyeko Australia au Canada. Vikwazo hivyo vinaondoleka, ndiyo maana tunaandika.

Picha za rejista zimeongezeka, na faharasa za majina zimeongezeka. Hilo ni jema na tunalishukuru. Lakini kadiri faharasa zinavyoongezeka ndivyo watu wanavyozidi kuamini kwamba jina lisilomo katika faharasa halikuwahi kuandikwa popote. Mtu hutafuta, hakuti, basi huamua kwamba babu yake hakubatizwa, au huchukua mtu mwingine mwenye jina hilohilo katika kijiji cha tatu na kumpachika kwenye mti wa ukoo. Baada ya hapo kosa hunakiliwa na ndugu ishirini na haliondoki tena. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyinyi madaftari mnayo tele. Linalohitajika ni daftari la madaftari hayo.

Tuanze na mwaka wenyewe. Zamani mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Isaac Newton alizaliwa Woolsthorpe siku ya Krismasi ya 1642, akabatizwa Colsterworth tarehe 1 Januari. Kwa hesabu ya kitabu cha kanisa, Januari ile bado ilikuwa ya 1642. Kwa hesabu ya leo ni ya 1643. Mwenye kunakili akiandika "Januari 1642" bila kuongeza neno, faharasa itaonyesha mtoto aliyebatizwa karibu mwaka mzima kabla ya kuzaliwa. Kwa Newton kosa litashtukiwa kwa sababu dunia nzima inamjua. Kwa mtoto wa kibarua hakuna wa kushtuka: mtafiti atadhani ni watoto wawili, au kwamba mama alijifungua kabla ya ndoa, na huyo mama atabebeshwa aibu isiyo yake. Tiba ni kuandika kila tarehe iliyo kati ya 1 Januari na 24 Machi kwa miaka miwili, 1642/3, na karatasi ya parokia iseme faharasa iliyopo imefuata mtindo gani. Iseme pia kwamba mwaka 1751 ni mfupi, ulianza 25 Machi ukaishia 31 Desemba, hivyo anayetafuta Januari 1751 aangalie mwishoni mwa 1750. Na Septemba 1752 ina siku 11 pungufu, kwani baada ya tarehe 2 ilikuja tarehe 14.

Majina nayo hupotea kwa njia zinazojulikana. Kasisi aliyeandika Kilatini alimwita James "Jacobus". Faharasa ikamfanya Jacob, na Jacob ni mtu mwingine. William ni "Gulielmus", Ralph ni "Radulphus". Christopher mara nyingi alifupishwa "Xpofer", kwa herufi ya Kigiriki iliyosimama badala ya Kristo, na tumeona faharasa zinazomweka chini ya X. Haya si makosa ya kuwaaibisha walionakili; walikuwa wakisoma wino uliofifia, mara nyingi kwa kujitolea. Lakini mistari mitano tu juu ya mwandiko wa parokia fulani, lini Kilatini kilitumika na kasisi yupi alifupisha nini, ingeokoa kazi ya miezi.

Sasa mapengo, ambayo ndiyo kiini cha ombi letu.

Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa mwaka 1538. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba vitabu viwe vya ngozi na kwamba kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Dayosisi ya Lincoln ina bahati kubwa hapa, maana baadhi ya nakala zake ni za miaka ya 1560, kabla ya amri hiyo ya nchi nzima. Nakala za askofu ni karatasi za ngozi zisizo na jalada, na kwa sababu hiyo watu huziogopa. Wasiziogope. Kitabu cha kanisa kikiwa kililiwa na panya, kililoana, au kasisi alikuwa mgonjwa akaacha kuandika, mara nyingi nakala ya askofu inayo majina hayo. Kinyume chake pia hutokea: aliyenakili aliruka mstari, akasahau mtoto mmoja, au akaandika ukoo kwa herufi nyingine. Vyote viwili vinapaswa kusomwa. Ila kati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 na kurudi kwa mfalme mwaka 1660 nakala hazikupelekwa, na tangu 1653 kazi ya kuandika ilikabidhiwa msajili wa kiraia. Pengo la miaka hiyo ni la nchi nzima. Mtafiti anastahili kuambiwa hivyo mapema, asije akazunguka parokia kumi akitafuta kisichokuwapo.

Njia ya kugundua mapengo ni rahisi, na haihitaji mtaalamu. Hesabuni maingizo ya ubatizo ya kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, kisha maziko, kisha ndoa. Andikeni idadi katika jedwali lenye safu tatu. Tafuteni wastani wa kila miaka kumi. Mwaka wowote ulioshuka chini ya nusu ya wastani huo upigwe alama, kisha ulinganishwe na nakala ya askofu. Kijiji kinachobatiza watoto 18 kwa mwaka hakiwezi kubatiza 3 mwaka unaofuata na 17 mwaka wa baadaye bila sababu. Ama kurasa zimetoka, ama kasisi alikuwa hayupo, ama aliyepiga picha aligeuza kurasa mbili kwa pamoja. Hili la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na dalili yake huonekana: sentensi ya chini ya ukurasa haiendelei juu ya ukurasa unaofuata, au tarehe zinaruka kutoka Mei hadi Novemba. Maziko yakipanda ghafla mara tatu ya wastani, hilo si pengo bali ni maradhi, nalo liandikwe.

Kuna miaka ambayo idadi hushuka kwa sababu ya kodi. Kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa peni 3, na maskini walisamehewa. Kwa hiyo zipo familia zilizoahirisha ubatizo, na zipo zilizoandikwa kuwa maskini ilhali hazikuwa na hali mbaya hivyo. Anayekuta watoto wanne wa nyumba moja wamebatizwa siku moja katikati ya miaka ya 1790 ameshapata jibu lake.

Tunaomba pia msiache daftari za matangazo ya ndoa. Faharasa nyingi huziruka kwa kuwa hazithibitishi kwamba ndoa ilifungwa. Lakini tangazo lilisomwa katika parokia zote mbili, ya bwana na ya bibi, na ndoa mara nyingi ilifungwa kwa bibi. Mwenye kumjua bwana tu, akisoma tangazo la kwao, hujua mara moja aende kijiji gani.

Kuhusu Wamethodisti tutasema kwa ufupi, ingawa Lincolnshire ndiko alikozaliwa John Wesley, pale Epworth, mwaka 1703. Rejista zao zilifuata mzunguko wa wahubiri, si kijiji: mtoto wa kijijini huandikwa chini ya mji wa mzunguko. Na nyingi za kabla ya 1837 zilikabidhiwa serikali, ziko katika hifadhi ya taifa huko Kew, London. Karatasi ya parokia itaje mzunguko.

Tukae zaidi kwenye kinamasi, maana huko ndiko watafiti wengi wanakozama.

Kaskazini ya Boston kulikuwa na East Fen, West Fen na Wildmore Fen, ardhi ya maji ambayo vijiji vingi vilichangia haki ya kulisha mifugo na kuvua. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikaushwa kwa mifereji iliyopangwa na John Rennie, kisha ikagawanywa. Kijiji kilichokuwa na haki ya malisho kilipewa kipande chake kinamasini, pengine maili nyingi kutoka kanisani kwao, na kipande hicho kilihesabiwa kuwa sehemu ya parokia ileile. Mtu aliyezaliwa katika kipande cha namna hiyo atajibu katika sensa jina la kijiji mama, hali hajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Ardhi iliyosalia, iliyouzwa ili kulipia kazi, haikuwa ya parokia yoyote, hadi sheria ya 1812 ilipounda mitaa saba: Eastville, Westville, Midville, Frithville, Carrington, Langriville na Thornton le Fen. Mitaa ilikuja kwanza na makanisa baadaye. Katika kipindi hicho cha kati vibarua waliofuata kazi ya mifereji na mashamba mapya walibatiza na kuzika katika makanisa ya pembezoni kama Sibsey na Stickney, au walikokuwa na ndugu, au hawakubatiza kabisa mpaka kanisa lilipojengwa karibu.

Sasa fikirini mtu anayesoma sensa ya 1851 na kukuta "amezaliwa Eastville" kwa mtu mwenye miaka 35. Anafungua rejista ya Eastville, haina miaka hiyo, anafunga. Karatasi ya Eastville ingemwambia kwa mistari mitatu: mtaa uliundwa 1812, kanisa lina mwaka fulani, kabla ya hapo angalia makanisa haya na haya. Kila mhifadhi nyaraka wa Lincoln aliyezoea kazi analijua hili kichwani. Siku anapostaafu linaondoka naye. Hilo ndilo linalotuuma.

Majina ya mahali yanahitaji kipande chake katika karatasi, kwa sababu yalisemwa tofauti na yanavyoandikwa. Saltfleetby husemwa karibu na "Sollerby", na ni parokia tatu zenye watakatifu tofauti, si moja. Burgh le Marsh hutamkwa "Borough". Aslackby ni "Azelby". Karani wa sensa wa mji wa mbali, tuseme Sheffield, aliandika alichosikia kwa mtu aliyehama, na mnakili wa leo akabuni kijiji kisichokuwapo. Kisha kuna majina yanayojirudia: Raithby mbili, moja karibu na Spilsby na nyingine karibu na Louth; Kirkby na Ashby zenye viambatisho vyao, ambavyo mwenyeji hakuvitaja kwa sababu jirani yake alikwishajua. Karatasi iorodheshe maandishi yote ya jina yaliyowahi kuonekana, pamoja na majina ya mashamba makubwa na vitongoji, halafu iseme "usichanganye na".

Nalo swali la kwa nini watoto wa baba mmoja wamezaliwa katika vijiji vinne lina jibu lake Lincolnshire. Watumishi wa mashamba waliajiriwa kwa mwaka, na mwaka wao uliisha katikati ya Mei, siku za gulio la kuajiriana. Kijana alifunga kisanduku chake Mei akahamia shamba jingine. Kabla ya sheria ya maskini ya 1834, mseja aliyemaliza mwaka mzima wa utumishi alipata haki ya ukaazi katika parokia hiyo, yaani parokia hiyo ndiyo ilipaswa kumsaidia akiwa hoi. Ndiyo maana waangalizi wa maskini waliwahoji watu kwa kiapo: umezaliwa wapi, umetumikia nani, kwa ujira gani, mwaka ulitimia au ulikatika? Karatasi hizo za mahojiano, vyeti vya ukaazi, amri za kumrudisha mtu kwao, na dhamana zinazomtaja baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ndizo wasifu pekee ambao maskini wengi waliwahi kuandikiwa. Zimo katika makasha ya parokia na katika majalada ya mahakama za robo mwaka. Na hapa tahadhari: sehemu tatu za kaunti, Lindsey, Kesteven na Holland, kila moja ilikuwa na mahakama zake, na baadaye, tangu 1889 hadi 1974, kila moja ilikuwa na baraza lake. Rufaa ya kijiji cha Kesteven hamtaikuta katika majalada ya Lindsey hata mkitafuta kutwa. Karatasi ya parokia iandike sehemu hiyo kwenye mstari wa kwanza kabisa.

Wosia wa kabla ya Januari 1858 ulithibitishwa katika mahakama za kanisa. Sehemu kubwa ya kaunti ilikuwa chini ya mahakama ya askofu pale Lincoln, lakini kaskazini magharibi kulikuwa na mahakama ya Stow, kulikuwa na ya kanisa kuu lenyewe, na sehemu chache kama Kirton in Lindsey, Heydour na Caistor zilikuwa na mamlaka yao. Mwenye mali katika dayosisi zaidi ya moja alithibitishiwa katika mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury, na kati ya 1653 na 1660 wote walikwenda London. Mstari mmoja katika karatasi unatosha: "wosia wa parokia hii: tafuta hapa kwanza, halafu hapa."

Wengi hufundishwa kutafuta ramani ya zaka, ile iliyochorwa baada ya sheria ya 1836, ili waone nyumba ya babu yao. Lincolnshire hiyo mara nyingi haipo. Si kwamba imepotea. Mashamba ya wazi ya vijiji vingi yalikuwa yameshagawanywa na kuzungushiwa ua kabla ya wakati huo, na zaka ikafidiwa kwa ardhi wakati wa ugawaji. Basi ramani haikuhitajika. Kinachotafutwa ni hati ya ugawaji na ramani yake kama ilichorwa, orodha za kodi ya ardhi za 1780 hadi 1832, na uthamini wa ardhi wa 1910. Mtu asiyeambiwa hivi hudhani mmemnyima.

Mipaka ya serikali nayo haikukaa mahali pamoja. Crowle, katika Isle of Axholme, ni Lincolnshire, lakini vizazi na vifo vyake vilisajiliwa chini ya Thorne, ng'ambo ya mpaka wa Yorkshire. Mwaka 1974 kaskazini ya Lindsey ilitiwa katika Humberside. Mwaka 1996 Humberside ikavunjwa, na upande huo wa Lindsey zikabaki mamlaka mbili mpya. Rejista za kanisa zilifuata dayosisi zikabaki za Lincoln, ila kumbukumbu za mji na bandari ya Grimsby, pamoja na orodha za mabaharia wa meli za uvuvi, ziko Grimsby. Anayemtafuta kijana aliyefungwa mkataba wa uvuvi akaja Lincoln atarudi mikono mitupu, na pengine amesafiri kutoka bara jingine. Mkikubaliana ofisi mbili kutumia karatasi ya mtindo mmoja, kila moja ikitaja kilicho kwa mwenzake, tatizo hilo linakwisha.

Makasisi tunawaomba jambo la pekee. Tangu 4 Mei 2021 ndoa za Uingereza zinaandikwa kwa hati na kuingizwa katika rejista ya kielektroniki, na majina ya mama wa bwana na bibi sasa yamo. Vitabu vya ndoa vya zamani vilifungwa siku hiyo. Kila kanisa lilikuwa na viwili vinavyofanana: kimoja cha msajili, kimoja cha kanisa. Kwa kuwa kitabu cha kanisa kilifungwa kikiwa nusu tupu, ni rahisi kukiona si cha kale na kukiacha kabatini. Kipelekeni katika hifadhi ya dayosisi pamoja na daftari za matangazo. Sheria ya kanisa ya 1978 inataka rejista zilizojaa na kupita miaka 100 zipelekwe huko, na parokia iliyoruhusiwa kubaki nazo itimize masharti ya kabati, joto na unyevu. Lakini cha karibuni hakikatazwi kuhifadhiwa vizuri.

Pwani hii inajua maji. Usiku wa 31 Januari 1953 bahari ilivunja kingo kuanzia Mablethorpe hadi Skegness na kuua watu. Mei 29, 1920, mto mdogo wa Louth uliua watu 23 mchana kweupe. Kabati lililo sakafuni katika chumba cha kasisi si mahali pa kitabu. Na likitokea, kitabu kilicholowa kisifunguliwe, kisipanguswe, kisikaushwe kwa moto wala kikausha nywele: ngozi ikipata joto hujikunja na kusinyaa, hairudi. Kifungwe kwa kitambaa safi kama kilivyo, kipelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, maana kuvu huanza ndani ya siku mbili.

Kuhusu upigaji picha, mambo machache. Pigeni jalada, kurasa tupu na karatasi za ndani ya jalada, kwa kuwa makasisi waliandika humo habari za dhoruba, za kengele mpya, za maradhi, na pengine ubatizo uliosahauliwa. Ukurasa mtupu ukipigwa humhakikishia msomaji kwamba hakuna kilichorukwa. Wekeni rula na kadi ya rangi katika picha ya kwanza. Jina la faili libebe namba ya kitabu na namba ya picha, si jina la kijiji peke yake. Tukikumbuka Raithby mbili, sababu iko wazi. Na palipo na doa, pigeni mara ya pili kwa mwanga wa ubavuni: mikwaruzo ya kalamu huonekana hata wino ukiwa umetoka.

Chumba cha kusomea kibaki wazi, na siku zake zisipungue kwa kisingizio cha picha. Picha ya ngozi iliyokunjamana haionyeshi kilicho ndani ya mkunjo. Mwombaji aliye mbali, akieleza ni kitabu gani, picha namba ngapi na mstari upi, apate njia ya kumwomba mfanyakazi aangalie mstari huo mmoja, kwa ada inayojulikana.

Kazi yenyewe mnaweza kuigawa kwa miungano ya maskini ya zamani, yaani makundi ya parokia zilizosaidia maskini kwa pamoja, Spilsby, Horncastle, Louth, Boston na mingineyo, kwa sababu vijiji vya muungano mmoja vilioana na kuajiriana. Kila karatasi iwe na tarehe na herufi za aliyeiandika, na nafasi ya marekebisho yenye kueleza nani amerekebisha nini kwa ushahidi upi. Isiyo na uhakika iseme haijahakikiwa. Afadhali karatasi 40 zilizolinganishwa na vitabu vyenyewe kuliko 600 zilizonakiliwa kutoka orodha za zamani pamoja na makosa yake.

Tunapendekeza mwanzo uwe Burgh le Marsh, Winthorpe, Skegness na Little Steeping, zote za muungano wa Spilsby, kisha ile mitaa saba ya kinamasi. Hesabu ya maingizo ya mwaka kwa mwaka ya zile nne za kwanza, kutoka 1754 hadi 1837, tuko tayari kuifanya sisi kutoka kwenye picha na kuwaletea majedwali. Tunachohitaji kutoka kwenu ni ruhusa ya kulinganisha miaka iliyopigwa alama na nakala za askofu, na jina la mtu wa kumpelekea.

Wenu,

Watafiti wa nasaba na wa historia ya vijiji vya Lincolnshire